Mapambo na Zawadi za Krismasi kutoka Vitu Tulivyo Navyo Nyumbani



Majilio yanakaribia, na kamati nyingi za parokia na sharika katika wilaya za Bukoba na Muleba zinajiuliza swali lilelile: kanisa litapambwa na nini, na watoto na wazee watapewa nini, wakati mfuko hauna kitu? Katika toleo hili tunaeleza namna ya kutengeneza mapambo na zawadi ndogo kwa vitu ambavyo kwa kawaida tunavitupa.

Kwa nini jambo hili ni muhimu

Baada ya Desemba huja Januari. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mlezi. Mkoa wetu wa Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, na hadi leo wapo bibi wanaolea wajukuu peke yao. Kwa nyumba ya namna hiyo, fedha iliyonunua mapambo ya dukani ndiyo iliyokuwa inunue daftari.

Wala si jambo geni katika Kanisa. Mwaka 1223, kule Greccio, Italia, Mtakatifu Fransisko aliandaa pango la Noeli kwa hori na nyasi kavu. Mwaka 1839 Johann Hinrich Wichern, Mlutheri aliyelea watoto maskini huko Hamburg, Ujerumani, alichukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa ili watoto wahesabu siku za kungojea Krismasi. Ndiyo asili ya shada la Majilio tunaloliona leo makanisani. Nasi Wahaya tangu zamani tunatandika nyasi mbichi sakafuni kumpokea mgeni. Kupamba kwa kilichopo ni mila yetu pia.

Mambo manne ya kutengeneza

1. Shada la Majilio. Tafuta rimu ya baiskeli iliyochakaa. Isugue kutu, izungushie magome makavu ya mgomba, kisha funga majani mabichi. Simamisha mishumaa minne ndani ya makopo madogo yaliyojazwa mchanga. Weka shada juu ya meza, mbali na mapazia, na kamwe usiliweke karibu na nyasi zilizotandikwa: zikikauka zinashika moto upesi. Mtu mzima awepo muda wote mishumaa inapowaka.

2. Nyota na malaika. Loweka magome makavu ya mgomba kwa dakika chache ili yalainike, yakate vipande virefu, uvisuke nyota na kuvifunga kwa uzi. Boksi la katoni pia linafaa: kata umbo, lipake gundi ya unga wa muhogo uliopikwa kama uji mzito, ubandike vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani. Vizibo vya soda vilivyotobolewa kwa msumari na kutungwa kwenye uzi hutoa mlio mzuri upepo ukivuma.

3. Zawadi kwa watoto. Mpira wa magome ya mgomba uliofungwa kwa kamba imara, mwanasesere wa mabaki ya nguo, na mfuko wa daftari ulioshonwa kwa suruali ya jinzi iliyochanika miguuni lakini nzima mapajani.

4. Zawadi kwa wazee na wageni. Chupa ya jemu yenye mfuniko, ikioshwa, ikachemshwa na kukaushwa vizuri, inabeba kahawa ya kutafuna, ambayo ndiyo heshima ya mgeni kwetu. Msimu wa senene wa Novemba na Desemba nao unaangukia wakati wake. Senene wakaangwe hadi wakauke kabisa, wapoe, ndipo wafunikwe. Wakifunikwa na joto wataota ukungu. Fungia zawadi kwa jani la mgomba lililopashwa moto au kwa gazeti. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019.

Tahadhari

Usitumie chupa au kopo lililokuwa na viuatilifu, dawa ya mifugo au mafuta ya gari, hata likioshwa mara kumi. Makopo yaliyokatwa yakunjwe kingo kwa koleo kabla mtoto hajayashika.

Kuhusu magome, tukumbuke mnyauko wa migomba ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000. Chukua magome kwenye mgomba mzima usio na dalili za ugonjwa, katika shamba lako mwenyewe. Usihamishe magome kutoka shamba moja hadi jingine, na pitisha kisu kwenye moto kila unapohama mgomba. Nyota ya Krismasi isigeuke njaa ya mwaka ujao.

Kipimo cha zawadi

Tunaomba kamati zishike jambo moja kuliko yote. Mtoto yatima au mzee asiye na mtu asipewe takataka kwa kisingizio kwamba ni maskini. Kabla ya kutoa, jiulize: je, zawadi hii ningempelekea mkwe wangu? Kama jibu ni hapana, irudi mezani ikatengenezwe upya. Kitu kilichotupwa kinakuwa zawadi pale tu mikono imekifanyia kazi kwa upendo na usafi. Vema zaidi, wale tunaowakusudia washiriki kutengeneza. Bibi anayejua kusuka awafundishe vijana wa kwaya. Watoto nao wapeleke nyota zao kwa wagonjwa.

Kwa kamati na wafadhili

Kamati zianze kukusanya mapema, wiki tatu kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, na kutenga kona moja ya kuhifadhia vitu vilivyokwisha oshwa. Wafadhili wetu wapendwa, hatuwaombi mapambo. Mkasi, sindano, uzi na koleo vinatosha kwa parokia nzima na hudumu miaka mingi. Kinachobaki tunaomba kielekezwe kwenye madaftari ya Januari.