Umeme Upitao Chini ya Barabara

Apitaye Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, saa za asubuhi hupishana na mikokoteni, wachukuzi na bajaji, wote wakigombea upenyo mmoja. Miongoni mwa bajaji hizo sasa zimo zitembeazo kwa umeme. Hazitoi moshi, na hilo ni jema. Lakini dereva asiye na betri ya akiba hulazimika kusimama ili aichaji aliyo nayo. Abiria huchukuliwa na mwingine, na riziki ya siku hupungua.

Dawa ya kusimama huko imekwisha kujaribiwa kwingineko. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba nguvu ya sumaku inapobadilika huzaa umeme katika waya ulio jirani, pasipo kugusana. Kwa kanuni hiyo, koili ya shaba hufukiwa chini ya lami, na nyingine iliyofungwa chini ya gari huupokea umeme. Mwaka 2013 mabasi ya mji wa Gumi, Korea ya Kusini, yalianza kuchaji huku yakienda. Mwaka 2014 mji wa Milton Keynes, Uingereza, ulianza kuyachaji mabasi yake kwa dakika kama kumi katika vituo vya mwisho wa njia.

Sisi nasi tunavyo vituo vya mwisho, Gerezani na Kivukoni, vilivyoanza kuhudumia mabasi yaendayo haraka mwaka 2016. Hatusemi koili zifukiwe kesho. Ni ghali, na kazi nyingine zinangoja. Tusemalo ni hili: barabara inapochimbwa, yaachwe humo mabomba ya kupitishia nyaya, ili lami isivunjwe mara ya pili. Mwenye duka Kariakoo anaijua hasara ya mtaro ulio wazi mlangoni pake.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani jambo hili ni la bara peke yake. Umeme wa Unguja hutoka Ras Kiromoni hadi Fumba kwa njia ya chini ya bahari, na hitilafu ya mwaka 2008 iliwaacha gizani kwa karibu mwezi mzima. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, lakini umeme haumfai dereva mpaka umfikie alipo. Njia zitangulie, magari yafuate.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wa barabara na wa umeme wakae meza moja kabla sururu haijainuliwa, siyo baada yake.