Nyungu za Mama Ladi: Nani Alimufundisha Nani?

Katika miji yetu ya migodi tumezoea kupima akili ya mtu kwa diplome. Mwenye diplome tunamuita mwalimu. Mama mzee wa kijiji anayefinyanga nyungu ao kusuka vitunga, yeye tunasema hakusoma. Je, ni kweli hakusoma? Tuangalie habari ya mama mmoja wa Nijeria, jina lake Ladi Kwali. Sura yake iko kwenye noti ya naira 20 ya inchi yake. Hakuwa bibi ya mukubwa, wala hakufanya politike. Alifinyanga nyungu.

Masomo ya kijiji

Mama Ladi alizaliwa karibu na mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, kati ya watu wanaoitwa Gwari. Wao wenyewe wanajiita Gbagyi. Kwao udongo ni kazi ya wanawake, naye alijifunza tangu utoto kwa mama mmoja wa jamaa yake.

Kazi inaendeshwa hivi. Mama anatoboa bumba la udongo kwa ngumi, anavuta kuta kwenda juu, kisha anaongeza kamba nene za udongo, moja juu ya ingine. Nyungu haizunguki, ni mama ndiye anazunguka nyungu, akitembea kinyumenyume. Halafu anachora mijusi, nyoka, mamba na samaki. Mwisho nyungu zinapangwa inje, zinafunikwa kuni na majani makavu, na moto unawashwa.

Nyungu ya namna ile inatoa jasho kidogo, na njo maana maji ndani yake yanabakia baridi hata jua likiwa kali. Hakuna buku iliyomufundisha. Lakini ile ni elimu yenye kipimo: udongo ukiwa na maji mingi, kuta zinaanguka; ukikauka mbio, zinapasuka.

Mwingereza anafungua kituo

Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilimutuma Michael Cardew Nijeria kwa kazi ya ufinyanzi. Alikuwa amesoma Oxford, kisha akajifunza udongo kwa Bernard Leach, naye Leach alikuwa amejifunza kule Japani. Katika nyumba ya Emir wa Abuja, Cardew aliona nyungu kubwa za mama Ladi, akazishangaa sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifungua kituo cha kufundisha ufinyanzi Abuja. Ile Abuja si mji mkuu wa leo. Siku hizi inaitwa Suleja. Alileta vitu vitatu: gurudumu la kuzungusha udongo, dawa ya unga wa mawe ambayo ndani ya moto inageuka kama kioo, na furu ya kuni inayofika karibu digri 1300. Vijana walifundishwa kutengeneza vikombe, sahani na birika za kuuza.

Lakini angalieni: wanafunzi wa kwanza walikuwa wanaume tu! Pale karibu kulikuwa wamama wenye kujua udongo tangu zamani, na kituo kilianza bila wao. Mwaka 1954 njo mama Ladi aliingia, mwanamke wa kwanza.

Alijifunza gurudumu, lakini hakuacha kazi ya mkono wake. Aliendelea kujenga nyungu kwa kuizunguka, sawa vile alifanya Kwali. Kisha zikapakwa dawa ya kioo na kuingizwa katika furu. Zilionyeshwa London mwaka 1958, 1959 na 1962. Mwaka 1962 Uingereza ilimupa nishani ya MBE. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, ku Zaria, kilimupa heshima ya dokta. Mfinyanzi wa kijiji akaitwa dokta! Alikufa mwaka 1984.

Faida na hasara

Tusidanganyane. Nyungu iliyopakwa kioo haitoi jasho tena, basi haipozi maji. Ilitoka jikoni, ikaenda kupamba nyumba za watu wenye feza na nyumba za makumbusho. Jina la mama Ladi lilipanda, lakini mama wa shamba mwenye kutafuta maji baridi hakusaidiwa na nyungu ile. Kila masomo ya ufundi yanapaswa kujiuliza: kazi hii tunaitengeneza kwa ajili ya nani?

Mwanafunzi kutoka Nairobi

Mwaka 1974 Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikuwa anasoma sanaa Uingereza. Cardew alimushauri aende Abuja. Akaenda, akakaa miezi kwa wamama wa kituo, na mama Ladi kati yao, akajifunza kujenga nyungu kwa mkono. Alivuka bahari kutoka Ulaya ili afundishwe na wamama wa Afrika! Kazi zake hazina kioo. Anazisugua mpaka zing'ae, na moto unazifanya nyekundu ao nyeusi. Ziko katika British Museum. Mwaka 2018 aliwekwa kuwa mkuu wa heshima wa chuo kikuu kimoja cha sanaa kule Uingereza.

Na sisi je?

Hapa Katanga wazee walichoma mawe ya kijani na kutoa shaba, wakaimwaga kuwa misalaba ya kufanyia biashara, wakati Union Minière ya mwaka 1906 haijakuwa bado. Kampuni haikuwafundisha shaba ni kitu gani.

Walimu wa masomo ya ufundi, mukimuita mama mfinyanzi ao mzee fundi, asimame mbele ya darasa kama mwalimu, si kama kitu cha kutazamwa. Mumulipe. Muandike jina lake kwenye kazi. Nanyi vijana, migodi inafunguka na kufungwa. Musingojee kazi ya kampuni peke yake.

Leo jioni mukiwa mezani, muulizane: katika jamaa yetu, nani anajua kazi ambayo hakuna mwingine anaijua? Kesho kijana mmoja aende kwake na kayee na kalamu, akae chini, aanze kuuliza.