Msumeno wa Mnyororo Uliotumika: Nini Kichunguzwe Kabla ya Kuununua

Katika Kilwa Masoko na vijiji vya jirani, kuni bado huwaka katika majiko mengi, na mikorosho na miembe iliyozeeka huchangia sehemu ya kuni hizo. Msumeno wa mnyororo huokoa muda na nguvu za mkata kuni. Kwa kuwa mashine mpya ni ghali, wengi hutafuta nyepesi iliyotumika. Mnunuzi aghalabu husikiliza injini tu, ilhali majeraha mabaya hutokea zaidi pale vifaa vya kinga vilipochakaa au kung'olewa.

Cha kwanza kuchunguzwa ni breki ya mnyororo. Sehemu ya juu ya ncha ya bamba ikigusa mti, msumeno huruka nyuma kuelekea uso na shingo, kwa kasi ambayo binadamu hawezi kuiwahi. Breki hiyo, iliyounganishwa na kinga ya mkono wa mbele, husimamisha mnyororo. Wakati wa kuijaribu, msumeno ushikwe kwa mikono miwili, mbali na watu. Mnyororo ukizunguka, kinga isukumwe mbele. Mnyororo hauna budi kusimama papo hapo. Aidha, mafuta yakiachiwa, injini ikinguruma taratibu, mnyororo usizunguke. Breki iliyofungwa kwa waya ni sababu tosha ya kuiacha mashine.

Cha pili ni mipira au springi zinazotenganisha injini na mishikio. Zikikatika, mtetemo huingia moja kwa moja mikononi. Baada ya miezi au miaka ya kazi, mishipa midogo ya damu na neva huathirika: vidole hufa ganzi na hugeuka vyeupe penye baridi. Madhara ya neva huenda yasipone kabisa.

Cha tatu ni ekzosi. Msumeno wa petroli mara nyingi hutoa kelele inayozidi desibeli 100, wakati usikivu huweza kuharibika kwa kelele ya desibeli 85 inayodumu saa 8 kila siku. Ekzosi iliyotoboka huongeza kelele na huelekeza moshi wenye kaboni monoksaidi kwa mtumiaji.

Kuhusu wepesi, injini ya kilo 4 hadi 5 na bamba la sentimita 35 hadi 40 hutosha kwa kuni za nyumbani. Hata hivyo, misumeno midogo yenye mshikio juu ya injini imetengenezwa kwa ajili ya mafundi waliofunzwa kupogoa wakiwa juu ya mti. Haifai kukatia kuni ardhini.

Bei ya kofia, miwani, kinga ya masikio, buti na suruali ya kinga ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya msumeno. Nyuzi ndefu za suruali hiyo hunasa mnyororo na kuusimamisha kabla haujafika kwenye nyama.

Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga iko Kilwa Kivinje, na mashamba mengi yako mbali nayo. Kwa hiyo mkataji asifanye kazi peke yake. Jeraha likivuja damu nyingi, likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuachia, huku usafiri ukitafutwa. Mashine inayokosa breki, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, ni ghali mno.