Masizi katika Njia ya Hewa: Kwa Nini Gari la Mradi Linashindwa Kupanda Soni

Kila aliyewahi kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto anaijua barabara ile. Ni takribani kilomita 33 za kona, na katika safari hiyo gari linapanda karibu mita 1,000. Injini iliyochoka inaweza kuzunguka Mombo mchana kutwa bila mtu kujua, lakini ikianza kona za kuelekea Soni siri yake inatoka nje.

Ndivyo ilivyokuwa kwa pikapu ya mradi wetu. Ilianza kutoa moshi mweusi, ikanywa dizeli kuliko kawaida, na mahali ilipokuwa ikipanda kwa gia ya tatu ikawa inapanda kwa gia ya kwanza. Tuliipeleka kwenye karakana moja, tukaambiwa nozeli zimekufa. Tulinunua nozeli mpya nne kwa fedha zilizotengwa kwa ajili ya miche ya miti na mafunzo ya wakulima. Gari likarudi na moshi wake uleule.

Miezi miwili baadaye fundi mwingine alifungua bomba la kuingiza hewa kwenye injini. Alipitisha kidole ndani, kikatoka kimejaa uji mweusi mzito kama lami. Tundu ambalo lingepitisha vidole vitatu lilikuwa limebaki la kidole kimoja. Kosa halikuwa la fundi wa kwanza peke yake. Sisi ofisini tuliidhinisha malipo bila kuuliza swali hata moja. Naandika makala hii ili kamati nyingine zisirudie kosa hilo.

Masizi yanafikaje huko?

Wengi huuliza: moshi hutoka nyuma ya gari, sasa masizi yanaingiaje mbele? Injini nyingi za dizeli za kisasa zina valvu inayoitwa EGR. Kazi yake ni kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili joto la uchomaji lipungue, na hivyo gesi zenye sumu ziitwazo oksidi za nitrojeni zipungue pia. Ni jambo jema kwa mapafu ya watu. Lakini moshi huo unabeba masizi makavu. Wakati huohuo, mvuke wa oili kutoka ndani ya injini nao hurudishwa kwenye njia ya hewa. Viwili hivyo vikikutana vinashikana na kuganda ukutani, kama masizi yanavyoganda kwenye paa la jiko la kuni.

Valvu hii hufunguka zaidi injini inapokuwa na mzigo mwepesi. Kwa hiyo dereva anayesubiri mkutano uishe huku injini inanguruma, au anayefanya safari fupifupi za mjini, ndiye anayekusanya masizi. Siku ya kupanda mlima na mzigo, injini inahitaji hewa nyingi na njia imeziba. Tukumbuke pia kwamba Lushoto tuko kwenye mita zipatazo 1,400, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Dizeli ikikosa hewa haiungui yote. Inatoa moshi mweusi zaidi, na moshi huo unarudi kuongeza masizi.

Injini nyingi za zamani zisizo na kompyuta hazina valvu hii. Kwa hizo, ukiona moshi mweusi, anza kutafuta kwingine.

Jinsi ya kusafisha

Kazi hii ni ya fundi, lakini kamati ijue hatua zake ili iweze kuisimamia:

1. Injini ipoe kabisa na betri itenganishwe.
2. Bomba la hewa na valvu ya EGR vifunguliwe na kutolewa nje. Kupuliza dawa kwenye injini inayowaka ni njia ya mkato yenye hatari: pande la masizi likibanduka linaweza kuingia kwenye silinda, na dawa ikizidi injini inaweza kupandisha mwendo yenyewe na kushindwa kuzimika.
3. Matundu yanayobaki wazi kwenye injini yazibwe kwa vitambaa safi. Vitambaa vihesabiwe wakati wa kuviweka na wakati wa kuvitoa.
4. Masizi mazito yakwanguliwe kwa kijiti cha mbao au plastiki, kisha bomba liloweshwe kwa mafuta ya taa au dawa ya kusafishia kabureta, lisuguliwe kwa brashi, lioshwe kwa maji ya sabuni na kukaushwa kabisa. Moto na sigara vikae mbali.
5. Sehemu ya umeme ya valvu na sensa zisiloweshwe.
6. Wakati wa kufunga, gasketi ziwe mpya na mipira yote ikazwe.

Naomba nisisitize jambo moja. Vikundi vingi vya akina mama vinavyotengeneza sabuni vina kostiki soda, na mtu anaweza kuona ni dawa kali inayofaa. Isitumike. Mabomba mengi haya ni ya aluminiamu, na kostiki soda inaila aluminiamu huku ikitoa gesi inayowaka.

Fundi avae glavu na kufunika pua. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Uchafu unaotoka usimwagwe mtoni. Maji ya milima yetu yanamwagilia bustani za mboga na kunyweka na walio chini yetu.

Mafundi wengine hushauri valvu ya EGR izibwe moja kwa moja kwa kipande cha bati. Masizi yatapungua, lakini gesi zenye sumu zitaongezeka, na kwenye magari mengi kompyuta itawasha taa ya hitilafu. Kusafisha ni njia bora.

Maswali ya kamati kabla ya kuidhinisha malipo

- Je, ea klina imefunguliwa na kukaguliwa? Barabara zetu zina vumbi jingi.
- Je, filta ya dizeli imebadilishwa kwa wakati?
- Je, mipira ya hewa ina nyufa?
- Je, bomba la hewa limefunguliwa, na mjumbe mmoja ameona kwa macho yake?
- Je, kipuri cha zamani kitarudishwa ofisini?

Tunapendekeza njia ya hewa ikaguliwe katika kila sevisi kubwa, na dereva azime injini anaposubiri. Hatua hizi hazina gharama kubwa, na ni vema ziingizwe kwenye bajeti ya matengenezo ambayo wahisani wanaiona tangu mwanzo.

Pikapu yetu ilisafishwa kwa siku moja. Gharama ilikuwa gasketi, dawa na ufundi, sehemu ndogo tu ya bei ya zile nozeli. Sasa inapanda Soni kwa gia ya tatu. Miche ile hatukuipanda mwaka ule, na wakulima waliokuwa wakiisubiri tulilazimika kuwaeleza sababu. Gari linalobeba miche leo ndilo litakaloombwa kesho usiku kumpeleka mama mjamzito Hospitali ya Bumbuli. Tulitunze kabla mlima haujatuumbua.