Urithi Unapogeuka Mzigo: Magari ya Umeme, Watengenezaji Wakongwe na Wenyehisa

Utangulizi

Huenda msomaji wa jarida hili akajiuliza ni upepo gani uliomsukuma mwanafunzi wa fasihi hadi kwenye karakana na soko la hisa. Baba yangu mdogo ni fundi wa magari mjini Nakuru. Likizo iliyopita alinionyesha kwenye simu yake picha ya gari la umeme lililofunuliwa boneti, ndani hamna injini. Akaniuliza, "Sasa hizi zikijaa barabarani, mimi nitafungua nini?" Sikuwa na jibu. Nilipoanza kulitafuta nilitambua kwamba swali hilohilo, kwa maneno mengine na kwa mabilioni ya dola, ndilo linalowakosesha usingizi wenye viwanda vya magari kule Marekani, Ujerumani na Japani, pamoja na watu waliowekeza fedha zao humo.

Makala haya yanaazimia kulieleza swali hilo. Hoja yetu ya msingi ni kwamba dhiki ya watengenezaji wakongwe inatokana na utajiri wao wenyewe. Ujuzi, mitambo na mikataba waliyoilimbikiza kwa karne nzima inapungukiwa na thamani wakati uleule inapohitajika kuyagharimia mabadiliko yenyewe. Mwekezaji naye hujikuta akinunua kampuni mbili zilizovaa jina moja, moja ikififia na nyingine haijakomaa, na hana budi kukisia ni lini mizani itageuka.

Neno moja kuhusu istilahi. Katika makala haya, gari la umeme ni lile linaloendeshwa kwa betri pekee, na gari mseto ni lile lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. (Lugha yetu ina subira na mambo haya. Treni mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma inaendeshwa kwa umeme tangu 2024, na bado wapo wanaoiita gari la moshi.)

Injini kama Mali

Ili kuielewa dhiki hii, yafaa kwanza tufahamu kampuni ya magari ilikuwa ikimiliki nini hasa. Matairi, vioo, taa na viti aghalabu ilivinunua kwa watu wengine. Injini na giaboksi ndizo ilizozishikilia mwenyewe. Humo ndimo mlimokuwa siri zake, wahandisi wake bora na mitambo yake ya bei ghali. Injini ndiyo iliyokuwa pia ukuta wa boma. Yeyote aliyetaka kuingia katika biashara hii alilazimika kwanza kujifunza kutengeneza injini inayodumu, isiyokunywa mafuta kupita kiasi na isiyokiuka sheria za moshi, na wengi walishindwa hapo.

Mota ya umeme imeubomoa ukuta huo. Ni kifaa chepesi kukitengeneza kikilinganishwa na injini yenye pistoni, vali, plagi, pampu na mfumo mzima wa ekzosi. Ugumu na gharama vimehamia kwenye betri, na betri ni elimu ya kemia, si ya vyuma. Elimu hiyo haikukulia Detroit wala Wolfsburg. Ilikulia katika kampuni za Asia zilizokuwa zikitengeneza betri za simu na kompyuta. BYD, mathalani, ilianzishwa Shenzhen mwaka 1995 kama kampuni ya betri, ikaingia katika magari mwaka 2003, na Machi 2022 ikaacha kabisa kutengeneza magari ya petroli pekee. Haikuwa na urithi mkubwa wa kuuzika. Mwaka 2025 iliipiku Tesla kwa idadi ya magari ya umeme yaliyouzwa duniani.

Kwa mhasibu, kiwanda cha injini ni mali ambayo gharama yake hugawanywa katika miaka mingi ya matumizi. Kikitarajiwa kufanya kazi miaka ishirini kisha ikadhihirika kwamba kitahitajika kwa kumi tu, sehemu ya thamani iliyoandikwa vitabuni inakuwa ya kuwazia tu na hatimaye ni lazima ifutwe. Hasara hiyo haionekani siku mteja anaponunua gari la kwanza la umeme. Huja baadaye, kwa mkupuo, katika taarifa ya mwaka.

Mfano wa Volkswagen unafundisha mengi. Baada ya kashfa ya dizeli ya Septemba 2015, kampuni hiyo ilijitosa katika umeme kwa nguvu kuliko takriban mkongwe mwingine yeyote, ikaleta gari la ID.3 mwaka 2020. Lakini faida iliyotegemewa kuulipia mradi huo ilitoka kwa kiasi kikubwa China, ambako Volkswagen ilikuwa na ubia tangu 1984 na ilitamba kwa miongo mingi. Mwaka 2023 BYD ikaipokonya nafasi ya chapa inayouzwa zaidi nchini humo. Kisima kikaanza kukauka wakati shamba jipya halijaota.

Kupunguza gharama nako si jambo la amri ya mkurugenzi. Jimbo la Lower Saxony linamiliki asilimia 20 ya kura katika Volkswagen, na wawakilishi wa wafanyakazi hushika nusu ya viti vya bodi ya usimamizi. Ndiyo maana mapatano ya Desemba 2024 na chama cha wafanyakazi yalichukua sura ya maafikiano: nafasi zaidi ya 35,000 za kazi kupunguzwa nchini Ujerumani kufikia 2030, bila viwanda kufungwa papo hapo. Uzalishaji wa magari katika kiwanda cha Dresden ulikoma Desemba 2025. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba kiwanda hicho kilikuwa kikitengeneza ID.3, gari la umeme. Wanaodhani kwamba mkongwe akishaanza kuunda magari ya umeme amekwisha kuvuka mto, na waliangalie hili kwa makini.

Kampuni Mbili Ndani ya Moja

Kampuni nyingi huchanganya hesabu za petroli na za umeme katika chungu kimoja, na mwenyehisa haoni ni kipi kinachompa mchuzi. Ford ilichagua njia nyingine. Tangu 2023 imekuwa ikizitoa hesabu zake kwa mafungu matatu makuu: Ford Blue ya magari ya petroli na mseto, Ford Pro ya wateja wa kibiashara, na Model e ya magari ya umeme. Mwaka huo wa kwanza Model e ilipata hasara ya takriban dola bilioni 4.7 kabla ya riba na kodi. Blue na Pro zilipata faida ya zaidi ya dola bilioni 7 kila moja. Mwaka 2024 hasara ya Model e ilipanda na kufika takriban dola bilioni 5.1.

Tukigawanya hasara ya 2023 kwa magari takriban 116,000 ambayo fungu hilo liliwauzia mawakala, tunapata kiasi cha dola 40,000 kwa kila gari. Hesabu hii hupenda kutajwa na wanaobeza magari ya umeme, nayo inapotosha kidogo, kwa sababu hasara hiyo inabeba pia gharama za kubuni magari ambayo hayajatoka kiwandani. Lakini hata tukiipunguza, ukweli unabaki kwamba pikapu ya petroli ndiyo inayoilipia karo ndugu yake mdogo. Kampuni ikiiacha petroli haraka, inamuua mlipa karo. Ikiing'ang'ania, mdogo hamalizi shule na jirani anampita. Mshika mbili moja humponyoka, ila hapa mshikaji hajapewa ruhusa ya kuachilia hata moja.

Desemba 2025 Ford ilitangaza kwamba ingeandika vitabuni gharama za takriban dola bilioni 19.5 zinazohusiana na kurudi nyuma katika mipango yake ya umeme, na kwamba pikapu ya F-150 Lightning inayotumia betri pekee, iliyoingia sokoni mwaka 2022, ingekoma kutengenezwa. Kilichobadilika ni nini? Kwa sehemu ni wateja wa pikapu kubwa, ambao hawakumiminika kama ilivyotarajiwa. Kwa sehemu kubwa ni serikali. Nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari la umeme nchini Marekani iliondolewa tarehe 30 Septemba 2025. Viwanda vilivyopangwa kwa kutegemea sheria moja vilijikuta katika sheria nyingine kabla rangi haijakauka ukutani.

Bei kama Hadithi

Hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi anapojisikia nyumbani. Bei ya hisa ni hadithi kuhusu mambo ambayo hayajatokea. Faida ya mwaka jana ni sura ya kwanza tu. Anayenunua analipia sura zijazo, na sura hizo hazijaandikwa.

Tesla iliingia katika soko la hisa Juni 2010 kwa dola 17 kwa hisa. Julai 2020 thamani yake sokoni iliipita ile ya Toyota, ijapokuwa mwaka uliotangulia ilikuwa imewafikishia wateja takriban magari 367,500 na kundi la Toyota likauza zaidi ya milioni 10. Wengi waliona huo kuwa wazimu. Yamkini ulikuwamo wazimu, lakini mlikuwamo na mantiki: soko lilikuwa likiuliza ni nani asiyekuwa na kiwanda cha injini cha kufuta vitabuni. Wakongwe wenyewe walimsaidia mshindani wao. Sheria za moshi za Ulaya na baadhi ya majimbo ya Marekani zilimruhusu mwenye moshi mwingi kununua nafuu kutoka kwa asiye na moshi. Mwaka 2020, ambao ndio wa kwanza kwa Tesla kupata faida ya mwaka mzima, nafuu hizo ziliiletea takriban dola bilioni 1.58, ilhali faida yake yote ilikuwa kama dola milioni 721. Bila fedha za washindani wake, Tesla ingeandika hasara.

Hadithi nzuri huzaa waigaji. Novemba 2021 kampuni ya Rivian iliuza hisa zake kwa umma kwa dola 78, zikapanda katika siku chache hata thamani yake ikawapita Ford na General Motors, ilhali ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuwapelekea wateja magari. Mwaka 2022 hisa hizo ziliporomoka. Ford, iliyokuwa imewekeza humo, ililazimika kuandika hasara ya takriban dola bilioni 7.4 kwa hisa hizo, ikamaliza mwaka kwa hasara. Lordstown iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2023, Fisker mwaka 2024. Mwezi Machi 2025 ikawa zamu ya Northvolt ya Uswidi, mtengenezaji wa betri ambaye Volkswagen ilikuwa miongoni mwa wenyehisa wake wakubwa. Waliowekeza humo waliuziwa mbuzi kwenye gunia, hata kama mbuzi mwenyewe alikuwa wa kweli. Walikuwa sahihi kuhusu betri, wakakosea kuhusu nani angeziuza kwa faida.

Kwa upande mwingine, Berkshire Hathaway ya Warren Buffett ilinunua mwaka 2008 takriban asilimia 10 ya BYD kwa kiasi cha dola milioni 230, ikazikalia hisa hizo miaka kumi na minne, ikaanza kuuza 2022 na kumaliza kufikia 2025 baada ya thamani yake kuongezeka maradufu mara nyingi. Ikumbukwe kwamba mwaka 2008 wengi waliiona BYD kama mtengenezaji wa betri za simu aliyejitia katika magari.

Mgala muue na haki umpe. Toyota, iliyotoa Prius mwaka 1997, ilikejeliwa kwa miaka kwa kushikilia kwamba magari mseto yangehitajika kwa muda mrefu. Katika mwaka wa fedha uliomalizika Machi 2024 ilipata faida ya takriban yeni trilioni 4.9, kubwa kuliko zote katika historia yake. Mwandishi wa makala haya haamini kwamba hilo linaimaliza hoja. Nchini China, Julai 2024, magari ya umeme na mseto yanayochajiwa yalivuka nusu ya magari mapya yaliyouzwa. Nchini Norwe magari ya betri pekee yalifika takriban asilimia 89 ya magari mapya mwaka 2024. Toyota imenunua muda. Bei aliyolipa mnunuzi wa muda hujulikana baadaye.

Nilimpelekea baba mdogo jibu lake Desemba. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na mengi ya magari hayo hutoka Japani, ambako magari ya betri pekee yalikuwa chini ya asilimia 3 ya mauzo ya 2024. Kwa hiyo mengi ya magari atakayoyafungua mwaka 2032 yamekwisha kununuliwa kule, na sehemu kubwa yana injini, ingawa mengi kati yake ni mseto. Alinisikiliza hadi mwisho, akapangusa mikono, kisha akauliza ni chuo gani Nakuru kinachofundisha betri za mseto, na karo ni ngapi.