Mama Mukami Alizikwa, Deni Lake Halikuzikwa

Jumamosi ya tarehe 13 Mei 2023, huko Njabini katika Kaunti ya Nyandarua, Kenya ilimpumzisha Mama Mukami Kimathi. Alikuwa ameaga dunia tarehe 4 mwezi huo, umri wake ukiwa umepita miaka 90. Rais William Ruto alihudhuria, na ajuza huyo akazikwa kwa heshima kubwa. Siku hiyo watoto wake, wajukuu na vitukuu walipata mahali pa kwenda kumkumbuka mama na nyanya yao. Baba na babu yao, Dedan Kimathi, hakuwa na mahali kama hapo.

Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Mama Mukami aliliwekea taifa hili deni moja tu, naye hakulificha. Alilitaja kila alipopewa nafasi ya kusema: nipeni mifupa ya mume wangu nimzike. Hakudai kasri wala cheo. Alidai haki ambayo hata maskini hohehahe huipata anapofiwa, ya kumwaga udongo juu ya jeneza na kurudi nyumbani akijua alikomwacha mtu wake.

Tukumbuke maisha hayo yalivyokuwa. Kimathi alikuwa mwalimu na karani kabla ya kuwa jemadari. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, aliingia katika msitu wa Nyandarua kuongoza vita vya Mau Mau. Nyumba iliyoachwa na mpiganaji haikuwa nyumba tena. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, na wanawake ndio waliochimba mitaro hiyo chini ya ulinzi wa bunduki. Mukami naye alishiriki katika mapambano hayo, akakamatwa na kutiwa katika gereza la Kamiti.

Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa mjini Nyeri, na alfajiri ya tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa huko huko Kamiti. Katika barua aliyomwandikia padri mmoja wa Kikatoliki wa Nyeri kabla ya kufa, aliomba mke wake aliyekuwa kizuizini afarijiwe na kuachiliwa, mama yake mzee aangaliwe, na mwanawe asomeshwe. Mtu aliyeitwa gaidi na maadui zake alitumia saa zake za mwisho kufikiria jamaa yake. Waama, barua hiyo ilikuwa wasia, na mzigo wa kuutimiza ulimwangukia mwanamke mmoja.

Naye aliutimiza. Mama Mukami aliwalea watoto wake, akawaona wajukuu, akaishi kuwaona vitukuu. Alifanya hivyo katika nchi iliyokuwa na nyuso mbili. Uso mmoja uliipa barabara kuu ya jiji jina la mumewe. Uso wa pili uliliacha vuguvugu la Mau Mau likiwa limepigwa marufuku katika vitabu vya sheria hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mjane huyo angeweza kupita katika barabara yenye jina la mumewe, lakini sheria ilimhesabu mumewe kuwa mtu wa kundi haramu.

Hatimaye heshima zilianza kuja. Tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu alipouawa, Rais Mwai Kibaki alizindua sanamu ya shaba ya Kimathi jijini Nairobi. Chuo kikuu kilichoko Nyeri kikapewa jina lake. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya enzi hiyo na kukubali kuwalipa wazee 5,228 waliokuwa wamedhulumiwa. Yote hayo ni mema, na anayeyabeza hana shukrani. Lakini mjane hawezi kuizika sanamu, wala kupanda maua juu ya jina la chuo kikuu.

Mnamo Oktoba 2019 habari zilienea kwamba kaburi limepatikana huko Kamiti. Kisha zikakanushwa. Hebu jiweke, ndugu msomaji, katika nafasi ya bibi kizee aliyengoja zaidi ya miaka 60, anaambiwa leo kwamba mumewe ameonekana, na kesho anaambiwa la, hakuonekana.

Najua wapo watakaosema kwamba mifupa ni mifupa tu, na kwamba taifa lina shida nyingi za walio hai. Wengine watasema kwamba miaka mingi imepita na kumtambua mtu mmoja kati ya wengi waliofukiwa katika ua wa gereza ni kazi ngumu. Hoja hizo tuzijibu kwa kutazama jirani.

Patrice Lumumba wa Kongo aliuawa Januari 1961, na mwili wake ukayeyushwa kwa tindikali ili asibaki na kaburi. Kilichobaki ni jino moja lililochukuliwa na polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki katika uovu huo. Bintiye aliliomba kwa maandishi, na mwezi Juni 2022 Ubelgiji ikawakabidhi watoto wa Lumumba jino hilo, likaletwa nyumbani na kuzikwa Kinshasa. Mjane wake, Pauline Opango, hakuwapo. Alikuwa amefariki Desemba 2014. Kama ilivyokuwa kwa Mama Mukami, haki ilichelewa kuliko umri wake.

Lakini tazama tofauti. Wakongo walilazimika kuliomba jino kutoka kwa waliokuwa watawala wao, ng'ambo ya bahari. Sisi hatuna wa kumwomba. Gereza la Kamiti liko viungani mwa Nairobi, na tangu tarehe 12 Desemba 1963 funguo zake zimo mikononi mwetu. Wakoloni waliwafukia walionyongwa ndani ya ua wa gereza ili makaburi yao yasigeuke kuwa mahali pa hija. Kuliendeleza fumbo hilo baada ya uhuru ni kuwatunzia wakoloni siri yao bila ya malipo. Na siku hizi wataalamu wa chembe za urithi wanaweza kuulinganisha mfupa na damu ya mtoto au mjukuu. Wajukuu wapo. Kinachohitajika ni nia.

Tena Kimathi si peke yake. Mwanahistoria David Anderson alihesabu Waafrika 1,090 walionyongwa katika miaka hiyo ya hali ya hatari. Nyuma ya kila mmoja wao palikuwa na mama, au mke, au nyanya aliyebaki na swali hilo hilo. Wengi wao walikufa kimya, bila ya Rais kuhudhuria mazishi yao na bila ya gazeti kuwataja. Atakayemtafuta Kimathi kwa dhati atakuwa amewatafuta na wenzake.

Tumezoea kuwapamba wazee wetu kwa sifa wakiwa ndani ya jeneza, nao hawasikii. Mama Mukami alisifiwa sana katika ile wiki moja kuliko alivyosikizwa katika miaka 60. Kumkumbuka kwa haki ni kulitimiza lile ombi lake, hata kama yeye hayupo tena kulishuhudia, ili siku moja kitukuu wake awapeleke watoto wake Njabini na kuwaonyesha makaburi mawili yaliyo sambamba.