Deki ndani ya nyumba: tuinunue kwa ujuzi, tuitumie kwa adabu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tunakusudia kuzungumzia chombo ambacho kimekaa juu ya makabati ya nyumba nyingi za Bagamoyo na za mwambao wote kuelekea Saadani na Pangani: deki ya DVD. Hatuisemei ile ya fahari, bali ile ya bei nafuu ambayo muuzaji husema kuwa "inasoma kila kitu", yaani diski za dukani, diski zilizochomwa na vijana wa mtaani, na mafaili ya video yaliyopakuliwa kutoka intaneti na kutiwa kwenye flashi.

Huenda baadhi yetu wakasema zama za deki zimepita, kwani simu imechukua nafasi yake. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika. Deki bado zinanunuliwa, na zilizonunuliwa zamani bado zimefungiwa ndani yake, kama tutakavyoeleza, sehemu ya kumbukumbu za familia zetu. Kwa hiyo ni vyema tukazijua.

Tulikotoka

Zanzibar ilianza kuwa na televisheni yake, tena ya rangi, mwaka 1973. Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake hadi mwaka 1994. Katika miaka hiyo ya katikati, picha iliingia majumbani kwa mikanda ya video, na mawaidha yaliingia kwa kaseti za redio. Aliyetaka kuwa na Qur'ani yote kwa sauti ya msomaji mmoja alilazimika kununua mkoba mzima wa kaseti, na kila moja ikibeba saa moja au saa moja na nusu tu.

Kisha zikaja diski. VCD, iliyotoka mwaka 1993, ilibeba dakika 74 za picha, ndiyo maana filamu moja iliuzwa kwa diski mbili. DVD ilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1996, nayo ikabeba gigabaiti 4.7 katika diski ya upana ule ule wa sentimita 12. Vikundi vya kaswida, wahadhiri na watengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam wote walizitumia diski hizi kuwafikia watu wasiokuwa na njia nyingine ya kuwafikia.

Hatua iliyofuata ndiyo inayotuhusu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilizuka njia mpya ya kubana picha, iliyopewa jina la DivX, ikihusishwa na Mfaransa Jérôme Rota. Kwa njia hiyo filamu nzima iliweza kuenea katika CD moja ya megabaiti 700. Mwanzoni ni kompyuta pekee zilizoweza kuifungua. Baadaye kampuni ya KiSS ya Denmark ikatoa deki zenye uwezo huo, na mwaka 2004 Philips ikatoa deki yake ya DVP642, iliyouzwa nchini Marekani kwa chini ya dola 100. Viwanda vya China havikuchelewa kufuata, na muda si mrefu maduka ya Kariakoo yakajaa deki za namna hiyo kwa bei ambayo mvuvi au mwalimu wa Bagamoyo angeweza kuifikia kwa kudunduliza.

Faida yake kwa familia haikuwa ndogo. Sauti iliyobanwa kwa kiwango cha kawaida cha MP3 huchukua takriban megabaiti moja kwa kila dakika. CD moja basi hubeba saa 12 za darsa, na DVD moja hubeba zaidi ya saa 80. Ule mkoba mzima wa kaseti ukaingia ndani ya diski moja, na nafasi ikabaki.

Sanduku lasema nini?

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapohasirika, nasi tunaomba msomaji atuvumilie tufafanue.

Kwenye sanduku la deki huandikwa MP3, AVI, MPEG4 na wakati mwingine MP4. Mnunuzi huona kuwa video ya simu yake nayo ni MP4, akaamini kwamba vitu hivyo viwili vinakubaliana. Akifika nyumbani, sauti inatoka na picha haionekani, au deki inakataa faili lote. Si lazima deki iwe mbovu. Majina haya, AVI na MP4, ni mfano wa majina ya vikapu, nayo hayasemi ni kitu gani kimewekwa ndani ya kikapu. Deki nyingi za bei nafuu zilitengenezwa kufungua picha zilizobanwa kwa njia ya DivX au ya nduguye Xvid. Simu na intaneti zimeegemea njia nyingine, H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003, ambayo hubana zaidi lakini huhitaji kichwa chenye nguvu zaidi kuifumbua. Deki ndogo haina kichwa hicho.

Tiba yake ipo, na si ya gharama. Kijana anayeweka nyimbo na video kwenye memori kadi aombwe aligeuze faili liwe AVI kwa njia ya Xvid, na ukubwa wa picha usizidi nukta 720 kwa 576. Flashi nayo iandaliwe kwa mpangilio wa FAT32, kwa sababu deki nyingi ndogo hazitambui mpangilio mwingine. Katika mpangilio huo, faili moja haliwezi kufikia gigabaiti 4, likizidi, ligawanywe.

Yapo mengine mawili madogo. Picha ikitokea nyeusi na nyeupe katika televisheni ya rangi, mara nyingi deki imewekwa katika NTSC, mfumo wa Marekani, ilhali Tanzania hutumia PAL. Sehemu ya kubadilisha ipo ndani ya rimoti. Na diski halisi iliyotoka ng'ambo ikikataliwa, huenda imefungwa kwa kanda nyingine ya dunia, kwani Tanzania imewekwa katika kanda ya 5. Muuzaji aulizwe kabla kama deki yake inafungua kanda zote.

Juu ya yote, mnunuzi aende dukani na flashi yake na diski yake mwenyewe, avijaribu palepale, ndipo alipe. Wahenga walishasema kuwa rahisi ni ghali.

Amana ya muuzaji

Mwenye duka anaposema "inasoma kila kitu" na huku akijua kwamba haisomi, hilo si neno jepesi. Biashara katika dini yetu imejengwa juu ya kubainisha. Mafakihi wameweka mlango maalumu, khiyari ya aibu, unaompa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa akigundua kasoro iliyokuwamo kabla ya kununua na hakuambiwa. Ndani ya Qur'ani ipo sura nzima, ya 83, iliyobeba jina la wenye kupunja vipimo. Maneno ya mdomoni nayo ni kipimo, na anayeyajaza kuliko bidhaa yake amepunja.

Vilevile mnunuzi awe muadilifu. Deki iliyoungua kwa sababu umeme ulirudi kwa nguvu, au iliyomwagiwa chai, haifai kurudishwa dukani kwa madai kwamba ilikuwa mbovu.

Kazi ya mtu ni mali yake

Tunafika kwenye suala ambalo wengi hulipita kwa haraka. Faili lililopakuliwa limetengenezwa na mtu. Je, ametoa ruhusa?

Yapo mawaidha ambayo masheikh wenyewe huyatangaza bila malipo na kuhimiza yasambazwe. Kuyanakili hayo na kumpelekea jirani ni kheri. Lakini zipo pia kaswida, darsa na filamu ambazo wenyewe wamezitolea gharama wakitaraji kuuza. Kijana wa kaswida amelipia sare, studio na nauli; mtengenezaji wa filamu amelipa waigizaji na wapiga picha. Nakala moja inunuliwapo, na 50 zikachomwa bila ruhusa, riziki ya hao wote imepungua.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, liliamua kwamba haki za watunzi na wavumbuzi ni haki zinazotambuliwa na sharia na haijuzu kuzivuka. Sheria za nchi nazo zinasema hivyo: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mwaka 2013 stempu za kodi zilianza kubandikwa kwenye diski za muziki na filamu ili halali ijulikane na ya wizi ijulikane. Si jambo la kujivunia kwamba diski za mawaidha nazo zilinakiliwa na kuuzwa mitaani kama nyingine. Mtu atasikilizaje somo la uaminifu kutoka katika nakala ya wizi?

Chumvi, vumbi na umeme

Bagamoyo ni mji wa bahari, na hewa ya bahari ina chumvi. Chumvi hiyo hula bati la paa, na hula pia miguu ya vyuma ya vifaa vya umeme. Deki isiwekwe kwenye dirisha linaloelekea pwani. Ifunikwe kitambaa inapozimwa, lakini isifunikwe inapowaka, kwani joto litakosa pa kutokea.

Ndani ya deki kuna jicho dogo la kioo ambalo hupeleka mwale mwekundu juu ya diski na kusoma yaliyoandikwa. Vumbi likiganda hapo, picha hukatakata na watu hudhani diski ndiyo mbovu. Fundi mwaminifu hulisafisha jicho hilo kwa pamba laini na spiriti kidogo kabla ya kufikiria kubadilisha kifaa. Diski nayo ipanguswe kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaozunguka hufuata njia ya maandishi na kuyakata kwa urefu.

Umeme ukikatika, deki na televisheni zichomolewe. Mara nyingi madhara hutokea pale umeme unaporejea.

Kumbukumbu zinazofifia

Sasa tuseme lile lililotusukuma kuandika makala hii. Katika nyumba zetu kuna diski za harusi, za hitima, za watoto waliohitimu madrasa. Bagamoyo ni mji wa maulidi makubwa, mji wa Sheikh Ramiya, kiongozi wa Kadiria aliyefariki mwaka 1931, na watu wengi wa mwambao wamehudhuria maulidi hayo na kurudi na kumbukumbu zake. Katika picha hizo wamo wazee ambao leo wako makaburini. Sauti ya bibi akitoa nasaha kwa bi harusi huenda haipo mahali pengine popote duniani.

Diski ya kiwandani hupigwa chapa, nayo hudumu. Diski iliyochomwa mtaani ni kitu kingine. Maandishi yake yamo katika tabaka jembamba la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa joto na kwa mwanga wa jua. Siku moja deki itaizungusha, na haitaona kitu. Hakuna fundi atakayeirudisha.

Basi tunawasihi wazazi wenzetu wasingoje. Maadamu deki inafanya kazi, diski zote za familia zichambuliwe, zijaribiwe, kisha zipelekwe kwa mwenye kompyuta anayeaminika ili zinakiliwe. Nakala ziwe mbili, na zikae katika nyumba mbili: moja kwa baba, nyingine kwa mtoto aliyeolewa Dar es Salaam au Tanga. Kila moja iandikwe jina la tukio, mahali na mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na picha ya mzee asiyejulikana jina ni nusu ya kupotea. Yenye sitara ya wanawake yasiachwe mikononi mwa kila mtu. Anayenakili achaguliwe kwa dini na tabia yake, na mmoja wa familia aketi naye hadi kazi iishe.

Adabu ya kutazama

Mwisho, tukumbuke kwa nini chombo hiki bado kina nafasi. Simu humtenga mtu, na kila mmoja hukaa pembeni na kioo chake. Deki hukaa sebuleni, nao wote hutazama kitu kimoja. Haidai bando, wala haileti yenyewe kitu ambacho mzazi hakukiweka. Kilichomo kwenye flashi ndicho kitakachoonekana, na kwa hiyo mzazi anaweza kukijua chote. Hata hivyo ni lazima akijue: flashi iliyojazwa mtaani huja na ya kheri na ya shari pamoja, na mtoto anayeshika rimoti hufungua faili moja baada ya jingine. Ikaguliwe kwanza watoto wakiwa chuoni. Na adhana ikisikika, kidude cha kusimamisha kipo kwenye rimoti; itakaporudiwa baada ya swala, picha itakuwa palepale ilipoachwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kununua kwa ujuzi, kuuza kwa uaminifu, na kuhifadhi yaliyo mazuri ya wazee wetu kwa ajili ya watoto wetu.

Wabillahi tawfiq.